Taa ya birika jekundu inawaka nikikata kona, ijumaa napanda Iringa na watoto. Naombeni msaada

mamaLulu_Tabata
Habari za jioni wakuu. Nina Vitz ya 2006 ile ya cc 990, nimeichukua kwa mtu hapa hapa Dar na ijumaa natakiwa niipeleke Iringa, mimi, watoto wawili na mama yangu mzazi, kwahiyo nataka niielewe vizuri kabla sijaingia nayo barabara kubwa. Kwenye dashibodi kuna taa zinanichanganya. Ya kwanza asubuhi nikiwasha inatokea taa ya bluu kama kipimajoto kimesimama kwenye maji, inakaa kidogo inazima yenyewe. Ya pili ile ya njano yenye umbo la injini, hiyo imeganda tu toka nimeinunua, aliyeniuzia akasema zote za Kijapani ziko hivyo. Ya tatu ndo imeanza juzi, birika jekundu lenye tone, inawaka nikikata kona au nikikanyaga breki ghafla, nikinyoosha inazima. Gari haigongi, haichemshi, inavuta kama kawaida.

Jambo lingine ni la sheli. Watu wengi nawaona wanajaziwa mafuta gari inaunguruma na AC iko on na mhudumu hasemi kitu, mama yangu yeye anakataa kabisa anasema izimwe na watu washuke. Kuna ukweli gani hapo? Af baba Lulu anataka tubebe dumu la petroli kwenye buti tusije tukaishiwa njiani. Asanteni sana.

chuma_cha_mjapani
Hiyo birika ni sensa tu dada, Vitz nyingi zinafanya hivyo. Angalia maji na upepo wa tairi, safari njema.

fundi_wa_Keko
Mkuu hapo juu naomba tusimjibu mtu hivyo, huyu anabeba watoto na mzazi.

Dada mamaLulu, hiyo gari usiitembeze tena mpaka umesoma hapa mpaka mwisho. Hilo birika ni taa ya presha ya oili. Watu wengi wanadhani inakuambia oili imepungua, hapana, yenyewe inakuambia kwamba kwa sekunde hiyo oili haifiki inapotakiwa kufika, yani chuma kinasagana na chuma. Na kwanini kwenye kona: oili inakaa chini kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, pampu inaivuta kupitia chujio lililozama humo ndani, sasa oili ikiwa kidogo ukikata kona au ukibana breki yote inakimbilia upande mmoja, chujio linabaki linavuta hewa, presha inashuka, taa inawaka. Ukinyoosha oili inarudi, taa inazima. Ulivyoeleza wewe ndo picha yenyewe kabisa ya injini iliyopungukiwa oili.

Fanya hivi sasa hivi. Gari iwe mahali tambarare, injini imezimwa kama dakika tano au kumi ili oili yote ishuke chini. Fungua boneti, vuta ile stiki yenye pete ya njano, ifute kwa kitambaa kisafi iwe kavu kabisa, irudishe mpaka mwisho, subiri kidogo, ivute tena na uisome ukiwa umeilaza. Ukiisoma mara ya kwanza bila kufuta utadanganyika maana oili inakuwa imerukia juu kwenye stiki. Kuna alama mbili, ya chini na ya juu, oili inatakiwa iwe katikati yao na afadhali iwe karibu na ya juu. Kati ya alama na alama ni karibu lita nzima, sasa ikiwa haigusi hata ya chini ujue umepungukiwa zaidi ya hapo.

Ukiongeza ongeza kidogo kidogo unapima, usijaze ikapita alama ya juu, oili ikizidi krenki (ule mhimili unaozunguka ndani ya injini) inaipiga inakuwa povu, na povu halilainishi kitu. Namba ya oili angalia kwenye kitabu cha gari au muulize fundi anayezijua hizi injini, usipokee tu yoyote muuza duka anayokupa.

Ukishaongeza washa, taa izime ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kuwaka wakati kiwango ni sahihi, hapo ndo tunaanza kuzungumzia sensa, na hata hapo fundi anatakiwa afungue hiyo sensa afunge geji ya presha asome presha halisi. Sensa kweli huwa zinakufa, nyingine zinavujia kwenye waya, ila huwezi kujua kwa kuangalia kwa macho.

Na ikiwaka ikaganda ukiwa barabarani washa hazadi, toka pembeni, zima injini hapo hapo. Usiseme nisogee mpaka sheli ya mbele. Beringi za krenki hazisubiri, dakika chache tu zinatosha na baada ya hapo unatafuta injini nyingine.

mamaLulu_Tabata
Kaka asante sana, nimeshuka nimepima kama ulivyosema. Stiki imetoka nyeupe, kwenye ncha tu ndo kuna alama nyeusi nyembamba, haijafika hata alama ya chini. Nimerudia bado vilevile. Nimeizima sitoki nayo, kesho asubuhi naleta oili hapa hapa nyumbani kwa bodaboda. Na hizo taa nyingine je?

dereva_wa_masafa
Vizuri umepima mapema, kwenye kona za mlima Kitonga hiyo taa ingekuwa inawaka kila kona.

Kwa taa nyingine anza na rangi. Nyekundu maana yake simama, njano maana yake kuna kitu hakiko sawa kipeleke kikaangaliwe, kijani na bluu ni taarifa tu. Hiyo ya bluu ni maji ya injini bado ya baridi, vigari vingi vidogo vya Toyota havina mshale wa joto wamekuwekea hiyo taa, sasa ukitoka asubuhi usiikanyage sana mpaka izime. Ila ujue kipimajoto hicho hicho kikigeuka chekundu injini imechemka, na kwa kuwa huna mshale hautapata onyo la taratibu, utaiona nyekundu ghafla. Ikitokea toka pembeni, zima, subiri ipoe kweli kweli, kama nusu saa au zaidi. Kifuniko cha rejeta usikiguse. Maji yaliyomo mle yana presha ndo maana yanapita nyuzi 100 bila kuchemka, ukifungua presha inatoka yote kwa mkupuo yanakurukia usoni. Nimeshaona kijana ameungua mkono na kifua kwa namna hiyo pale Ruaha Mbuyuni. Na injini ikiwa ya moto usiimwagie maji ya baridi, hedi inapinda.

Taa ya betri nyekundu ikiwaka unatembea, sio lazima betri mbovu, mara nyingi ni alteneta haichaji au mkanda umekatika. Hapo sikiliza: kwenye injini nyingi mkanda huo huo ndo unazungusha pampu ya maji, kwahiyo taa ya betri ikiwaka fungua boneti uone mkanda upo, kama haupo usiendelee maana kinachofuata ni kuchemsha.

Duara jekundu lenye alama ya mshangao ni breki. Kwanza angalia hendibreki umeshusha yote, kama umeshusha na bado inawaka angalia maji ya breki kwenye kikopo chake. Yanapungua taratibu pedi zikiisha, na yanapungua haraka kama kuna mahali panavuja. Ukikanyaga pedo ikaenda chini kama sifongo hiyo sio gari ya kwenda nayo mlimani. Ukiwa unashuka Kitonga kwenye kurudi weka gia ndogo, gari yako ni otomatiki kuna L au B au 2 kutegemea na gia boksi, injini ndo ikushikilie, usishuke na breki peke yake zitaungua.

Hiyo injini ya njano, wengine tunaita chekinjini, hapana sio kweli kwamba zote za Kijapani ziko hivyo. Ikiganda tu bila kupepesa unaweza kutembea nayo mpaka kwa mwenye mashine ya kupima, anachomeka chini ya usukani anakusomea kodi, yani namba ya hitilafu. Inaweza kuwa sensa ya oksijeni, inaweza kuwa plagi, mashine inakuonyesha pa kuanzia tu, usikubali mtu abadilishe kifaa kwa kusoma kodi peke yake. Ila ikianza KUPEPESA na gari inatetemeka, hiyo ni nyingine kabisa, kuna silinda haichomi, petroli mbichi inaenda kuungulia kwenye eksozi na kuua kile kifaa cha kusafisha moshi, eksozi inakuwa nyekundu kwa moto. Hapo punguza mwendo simama. Na asije mtu akakuambia chomoa betri uifute. Taa itazima kweli ila tatizo lipo palepale na umefuta ushahidi fundi aliokuwa anauhitaji.

chuma_cha_mjapani
Sawa wakuu nimewasoma vizuri. Na ile ya mtu amekaa ana mpira kifuani, ya eyabegi, kwenye Spacio yangu haijawahi kuwaka hata siku moja, hiyo ni nzuri si ndio?

fundi_wa_Keko
Haijawahi kuwaka kabisa, hata ukiweka swichi kabla ya kupiga starta? Kama ndo hivyo sio nzuri. Ukifungua swichi bila kuwasha injini taa karibu zote za tahadhari zinatakiwa ziwake, birika, betri, chekinjini, ABS, eyabegi, gari inajipima, af zinazima moja moja. Isiyowaka kabisa ama imeungua ama kuna mtu ameitoa balbu au ameiunganisha na taa nyingine ili kuficha eyabegi iliyokwisha kupasuka kwenye ajali. Hicho ni kitu cha kwanza naangalia mtu akiniomba nimsindikize kununua gari ya mkononi, hata kabla sijafungua boneti. Ipeleke ikapimwe.

wa_Nakuru
Salamu kutoka Kenya. Nimeona swali la mafuta halijajibiwa. Mama yako yuko sawa mia kwa mia.

Shida kubwa ya petroli ni mvuke wake. Petroli inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kukiwa na baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sasa hebu fikiria joto la Dar mchana. Na mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa, haupandi juu upotee, unashuka unatambaa chini ya gari, mahali ambapo eksozi ya moto iko. Huuoni. Huku kwetu Sachang'wan karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilianguka watu wakaenda kuchota na ndoo, moto ukalipuka ukaua watu zaidi ya mia. Nanyi mkapata ya Msamvu Morogoro tarehe 10 Agosti 2019, vilevile, watu zaidi ya mia. Mkipita Morogoro mtapita hapo hapo, waelezeeni watoto. Lori la mafuta likianguka mbele yenu geuzeni gari mwende mbali, msisimame kupiga picha.

pampu_namba_tatu
Nimefanya kazi sheli miaka mingi sasa niko shughuli nyingine, ngoja nimsaidie dada kwa upande huo maana wahudumu wengi wanajua haya ila wanaogopa kugombana na mteja, mtu ana gari kubwa ukimwambia azime anakuitia bosi.

Zima injini, sio AC tu. Sigara hapana hata kwa aliyekaa kiti cha nyuma. Simu iache, kwanza ukiwa unaongea nayo huangalii pampu inasoma nini na mtu anakujazia nini. Ila moto ambao umethibitishwa kwenye sheli nyingi duniani hasa huko Marekani wanakojijazia wenyewe, ni wa umeme tuli: mtu anaweka bomba, anarudi kukaa kwenye siti, anajisugua na kitambaa cha siti, anashuka anashika bomba moja kwa moja, cheche inaruka. Inatokea zaidi hali ya hewa ikiwa kavu, kwahiyo ukanda wa Dodoma wawe makini kuliko watu wa pwani. Ukishuka gusa bodi ya gari kwanza kwa mkono mtupu, mbali na mdomo wa tanki. Na ikitokea moto mdomoni mwa tanki USICHOMOE bomba. Ukichomoa unamwaga petroli inayowaka kwenye miguu yako na chini yote. Liache, toa watu kwenye gari, kimbia, piga kelele mhudumu abonyeze swichi ya dharura.

Bomba likisema "ta!" likajikata lenyewe inatosha. Lile bomba lina kitundu kidogo kwenye ncha, mafuta yakikifikia hewa haipiti tena na linajifunga. Kuna watu wanamwambia mhudumu ongeza ongeza izunguke namba, mafuta ya kuzidisha yanaingia kwenye njia ya mvuke yanaloweka kile kichujio cha mkaa, af unakuja kulalamika chekinjini imewaka. Tanki linahitaji nafasi juu, petroli ya kwenye kisima iko chini ya ardhi ni ya baridi, ukiiweka kwenye gari iliyokaa juani inapanuka.

Sasa la muhimu ambalo limenifanya niandike. Kabla hajaingiza bomba soma maandishi ya pampu wewe mwenyewe. Petroli nyingi utaona PMS, dizeli ni AGO. Usifuate rangi! Japani pampu ya kijani ni dizeli na nyekundu ni petroli ya kawaida, kwa hiyo stika ya rangi kwenye mfuniko wa tanki la gari iliyotoka huko usiitafsiri kwa rangi unazoziona kwenye sheli ya kwetu. Kuna siku jamaa kaja na Hiace ya dizeli na bomba la petroli ni jembamba linaingia bila shida yoyote kwenye tanki la dizeli, mhudumu kaweka. Lita zikiwa zinasoma, jamaa akasikia harufu, akapiga kelele. Kilichomuokoa ni kitu kimoja, hakugusa funguo. Tuliisukuma kwa mikono mpaka pembeni, akaja fundi akafungua boliti ya chini ya tanki, akatoa yote kwenye mapipa ya chuma, akasafisha, akaweka filta mpya. Angefungua swichi tu pampu ingeanza kuvuta mchanganyiko kuupeleka mbele, na dizeli ndo inayolainisha pampu ya presha na nozeli, petroli inakausha, vyuma vinasagana, unga wa chuma unaenda mpaka kwenye nozeli zote. Kwahiyo ikitokea kosa hilo hata upande wako wa petroli, acha funguo, usisogeze gari hata nusu mita kwa injini.

Dumu la plastiki kwenye buti na watoto nyuma, hapana dada. Buti la Vitz halijatengwa na watu, ni siti tu katikati. Dumu likivuja kidogo au likipata joto likavimba, mvuke wote uko na nyinyi ndani na vioo vimefungwa. Na hulihitaji. Tanki la hiyo gari ni lita 42, hata ikinywa vibaya ikaenda kilometa 13 kwa lita unapita 500, na Dar Iringa ni karibu hapo hapo. Hata mwenye lazima ya kubeba kwa ajili ya jenereta, achukue kopo la chuma la mafuta lenye mfuniko wa kukaza, lijazwe likiwa CHINI sakafuni, sio likiwa juu ya gari, na lisijae mpaka juu.

dereva_wa_masafa
Naunga mkono, na naongeza la taa ya mafuta. Usizoee kusubiri iwake. Pampu ya mafuta iko ndani ya tanki na inapozwa na mafuta yenyewe, ukiwa unatembea na kimasalia kila siku inapata joto inakufa mapema. Wanaosema kwamba mafuta yakiwa kidogo ndo inavuta uchafu, pampu inavuta chini siku zote hata tanki likiwa limejaa, tatizo ni joto na kuvuta hewa mlimani.

Tena kwenye geji ya mafuta kuna kialama cha pampu, kwenye gari nyingi kina mshale mdogo pembeni, huo unakuonyesha tanki liko upande gani. Mshale huo ulibuniwa na mhandisi wa Ford anaitwa Jim Moylan mwaka 1986, sasa karibu kila gari mpya inao. Unasaidia ukiazima gari ya mtu.

mamaLulu_Tabata
Nawashukuru sana sana. Oili imewekwa leo asubuhi taratibu tunapima, imemeza karibu lita mbili ndo ikafika juu ya katikati. Birika limezima fasta na nimezunguka mitaa nikakata kona kwa makusudi, halijawaka. Chini ya gari kuna unyevunyevu mweusi pale filta ya oili inapofungwa, fundi wa mtaani anasema mpira wake wa kuzibia ulifungwa vibaya, anaweka filta mpya jioni halafu tunailaza usiku juu ya boksi tuone kama inadondosha. Chekinjini naenda kuipima kesho. Safari nimeisogeza mpaka jumapili, na dumu baba Lulu amekubali tuliache. Nijaze wapi mara ya pili?

fundi_wa_Keko
Jaza full Dar, ongeza Morogoro mjini hata kama geji iko juu ya nusu, maana baada ya hapo kuna kipande cha kama kilometa 50 kinapita ndani ya hifadhi ya Mikumi na sio mahali pa kusimama na kushuka kwenye gari. Hapo Morogoro kabla hujaweka mafuta iache ipoe kidogo, vuta stiki usome. Ikiwa imeshuka toka ulivyoiacha Dar, filta haikuwa tatizo lenyewe, niandikie humu humu kabla hujaendelea.